Kujiandaa na GMAT na usaili wa MBA ukiwa Mwanza: hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje ya nchi ni yale yale kila mwaka. Nianzie wapi? Miezi mingapi inatosha? Hesabu niliziacha kidato cha nne, nitaweza kweli? Kwenye usaili wataniuliza nini? Anayeuliza huwa ni afisa mikopo wa Igoma, mhasibu wa mjini kati, mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha samaki, au mtu wa manunuzi anayeshinda njia ya Geita. Nimeona niyajibu mahali pamoja.

Shika jambo hili tangu mwanzo, maana hatua zote zinalifuata: GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara huwapima nao waombaji wa MBA, inapima uamuzi wako zaidi ya kumbukumbu yako. Una dakika kama mbili kwa swali. Je, unalimaliza, unalikisia, au unaliacha lipite? Usaili nao unarudia jambo hilo hilo kwa njia ya mazungumzo: kazini kwako uliwahi kuamua nini, na ulikuwa na sababu gani? Aliyekariri kanuni mia lakini hawezi kuamua ataumia kote kuwili.

MTIHANI WENYEWE, KWA KIFUPI

GMAT ya sasa ina sehemu tatu, kila moja ya dakika 45. Hesabu ina maswali 21, lugha maswali 23, na ya tatu, ambayo kwenye skrini utaiona ikiitwa Data Insights, ina maswali 20 ya majedwali, grafu na taarifa za kuunganisha. Jumla ni saa mbili na robo, na mapumziko ya hiari ya dakika 10. Unachagua mwenyewe uanze na sehemu ipi. Alama za jumla zinaanzia 205 hadi 805, sehemu zote tatu zina uzito sawa, na matokeo yanatumika kwa miaka mitano.

Muundo huu ulianza mwishoni mwa 2023 na ule wa zamani ukafungwa Januari 2024. Kwa hiyo kuwa makini na vitabu vya mitumba na mafaili yanayozunguka WhatsApp. Ukikuta kitabu kinafundisha insha, kusahihisha sentensi, au pembetatu na duara kwa kurasa nzima, hicho ni cha mtihani uliokwisha kufa. Alama nazo zimebadilika. Kaka aliyekwambia "bila 700 usijisumbue" alizungumzia kipimo cha zamani, na 645 ya leo ndiyo inayolingana na 700 ile.

Kama unalenga chuo cha hapa nchini, soma masharti yake kabla ya kulipia chochote. CBE na IFM wana kampasi hapa Mwanza, SAUT iko Malimbe. Huenda wanachotaka ni shahada yako na vyeti tu, nawe ukajiepusha na gharama zote za GMAT. Na kwa vyuo vya nje, vingi vinapokea GRE pia, mtihani mwingine wa kuombea shahada za uzamili. Chagua mmoja, usisome yote miwili kwa pamoja.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Pasipoti iliyo hai. Kompyuta, kwa sababu simu haitoshi hata kwa mazoezi. Kadi ya benki iliyoruhusiwa kulipia mtandaoni (wengi hawajui kwamba kadi yao imefungwa kwa malipo hayo mpaka siku inapokataliwa, kwa hiyo pita benki uulize). Kaunta buku moja nene. Matokeo ya chuo, yaani transkripti. Na miezi mitatu hadi minne yenye saa kumi hivi kwa wiki, ikiwa umeajiriwa. Anayekwambia wiki tatu zinatosha hajui ratiba ya mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na bado ana daladala ya kupanda.

HATUA

1. Chagua vyuo kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma.

Vyuo vingi vikubwa vya Marekani na Ulaya hupokea maombi kwa awamu. Kwa Marekani, awamu ya kwanza kwa kawaida hufungwa Septemba na ya pili Januari. Andika tarehe ya chuo chako, rudi nyuma mwezi mmoja na nusu kwa ajili ya kurudia mtihani ikibidi, kisha miezi minne ya kusoma. Ukitaka awamu ya Septemba, kaunta buku lako lifunguliwe si zaidi ya Machi.

2. Linganisha majina yako.

Jina la usajili lazima lifanane na lililo kwenye pasipoti. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha kidato cha nne, jingine kwenye cheti cha kuzaliwa, na la tatu kwenye kitambulisho cha NIDA, eti kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi aliandika la babu badala ya la baba. Shughulikia mapema: hati ya kiapo au deed poll (hati ya kubadili jina) kupitia kwa wakili, kisha pasipoti Uhamiaji. Usisajili mtihani kwanza ukitegemea kurekebisha baadaye, kwani ukifika na kitambulisho kisicholingana unazuiwa kufanya mtihani na pesa yako inakwenda.

3. Fanya mtihani wa majaribio kabla hujasoma chochote.

Tovuti rasmi, mba.com, inatoa mitihani miwili ya majaribio bure. Fanya mmoja sasa hivi, kwa saa kamili, simu ikiwa chumba kingine. Alama itauma, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Unachotafuta ni ramani: sehemu ipi imekuangusha, na katika sehemu hiyo ni muda ulioisha au ni kutojua? Mtihani wa pili uweke akiba hadi wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Kuna watu wanaimaliza yote miwili wiki ya kwanza kwa hamu, halafu mwishoni hawana kipimo cha kuaminika.

4. Rudisha mkono wa hesabu.

Kwenye sehemu ya hesabu hakuna kikokotoo. Kinapatikana kwenye Data Insights tu. Mada si ngeni: asilimia, uwiano, kasi na muda, wastani, milinganyo, namba tasa na vigawe. Tatizo letu ni kwamba simu imetuzoesha vibaya. Kila siku dakika 15, fanya kwa mkono. Asilimia 17.5 ya 240? Asilimia 10 ni 24, asilimia 5 ni 12, asilimia 2.5 ni 6, jumla 42. Mama anayepima dagaa pale Mwaloni hufanya hesabu ngumu kuliko hiyo huku anabishana na mteja. Hesabu za kidato cha nne zinatosha kabisa kama ziko hai kichwani.

5. Anza daftari la makosa, na ulitendee haki.

Hii ndiyo hatua inayotenganisha wanaopanda na wanaoganda, na ndiyo wengi wanayoiruka. Kila swali ulilokosa, na kila swali ulilopata kwa kubahatisha, liandikie mistari minne: swali lilihusu nini, niliwaza nini wakati ule, nilipaswa kugundua nini, na wakati mwingine nikiona dalili gani nifanye nini. Mstari wa pili ndio mgumu. Watu huandika "sikuwa makini", na hilo halisaidii chochote. Andika kilichotokea: "Nilisoma 'ongezeko la asilimia' nikakokotoa asilimia ya jumla." "Nilikomaa na swali la 9 dakika tano kwa sababu nilishaanza."

Jumapili, usifanye maswali mapya. Soma daftari. Baada ya wiki nne utaona makosa yako si mengi kama ulivyodhani. Ni matano au sita yanayobadilisha nguo. Hayo ndiyo ya kupambana nayo.

6. Jifunze kuacha kukokotoa.

Kuna aina ya swali kwenye Data Insights ambayo huwasumbua hasa wahasibu, kwa kuwa wamezoea kufikia jibu la mwisho. Unapewa swali na taarifa mbili, na unachoulizwa ni kama taarifa zinatosha kulijibu. Chukua mfano huu, namba ni za kutunga:

Mfanyabiashara alinunua magunia ya dagaa akayauza yote. Je, alipata faida ya zaidi ya asilimia 20 kwa bei aliyonunulia?
(1) Kila gunia aliliuza kwa shilingi 15,000 zaidi ya bei aliyonunulia.
(2) Kila gunia alilinunua kwa bei isiyozidi shilingi 60,000.

Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi: kama alinunua kwa 100,000, faida ni asilimia 15, kama alinunua kwa 50,000, ni asilimia 30. Ya pili peke yake haisemi aliuza kwa ngapi. Zikiunganishwa, hata bei iwe juu kabisa, 15,000 juu ya 60,000 ni asilimia 25, na bei ikishuka faida inapanda. Jibu daima ni ndiyo, kwa hiyo zote mbili pamoja zinatosha. Bei halisi ya gunia hatuijui mpaka mwisho, wala hatuihitaji. Ukijikuta unatafuta bei hiyo, weka kalamu chini.

7. Soma Kiingereza kizito kila siku.

Wengi wetu tunaogopa hesabu na kudharau sehemu ya lugha, wakati kwa Mtanzania aliyesoma shule za kata hii ndiyo inayokula alama. Hakuna tena maswali ya sarufi. Kuna vifungu vya kusoma na hoja za kuchambua: mwandishi anadai nini, amechukulia nini bila kukisema, kipi kingedhoofisha hoja yake. Kila siku soma makala moja ndefu ya uchumi au sayansi, kisha funga na useme kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, mwandishi anadai nini na anategemea nini. Ukishindwa kusema kwa Kiswahili, hukuelewa, hata kama kila neno ulilijua.

Onyo: usichague jibu kwa sababu ni la kweli duniani. Chagua linalofuata kutoka kwenye kifungu. Watu wenye uzoefu wa biashara huanguka hapa kwa sababu wanajua mengi.

8. Fanya mazoezi kwa vituo vya muda.

Kwa hesabu: ukimaliza swali la 7, ziwe zimebaki dakika 30; ukimaliza la 14, zimebaki 15. Huwezi kuruka swali bila kujibu, lakini unaweza kuliwekea alama, na mwisho wa sehemu ukarudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kwa hiyo swali likikugomea, kisia, weka alama, songa mbele. Kuacha maswali ya mwisho bila kujibiwa kunaadhibiwa kuliko kukosa moja katikati.

9. Panga siku ya mtihani kama safari ya kwenda Ukerewe, usiitegemee bahati.

Unaweza kufanyia nyumbani kwa kompyuta au kwenye kituo. Ukichagua kituo nje ya Mwanza, fika jana yake. Kushuka kwenye basi lililotoka Nyegezi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani ni kujitakia mabaya.

Ukichagua nyumbani, unahitaji chumba chako peke yako, meza tupu, kamera na maikrofoni vinavyofanya kazi. Karatasi haziruhusiwi, tumia ubao mdogo mweupe wa kufutika, na vipimo vyake vimeandikwa kwenye masharti. Mtu akiingia chumbani mtihani unaweza kufutwa, kwa hiyo waambie wa nyumbani wote, pamoja na mtoto wa jirani aliyezoea kufungua mlango bila hodi. Umeme na mtandao ndio adui mkubwa: tafuta ofisi au hoteli yenye jenereta, tumia waya badala ya hotspoti ya simu, na ujaribu mtambo siku hiyo hiyo ya wiki na saa hiyo hiyo, wiki moja kabla. Sali, kula, nenda msalani, ndipo ubonyeze kuanza.

10. Andaa usaili kwa visa (simulizi za kweli za kazini), si kwa majibu.

Jua kwanza ni usaili wa aina gani. Kuna vyuo ambako msaili amesoma faili lako lote la maombi, na vingine amesoma CV tu. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, kwa mfano, huwatumia wahitimu wake wa zamani. Aliyesoma CV tu anahitaji uanzie mwanzo. Aliyesoma faili lote atakuchoka ukirudia insha yako ya maombi.

Andaa visa vitano au sita vya kweli kutoka kazini: ulipokosea, ulipopingana na bosi, ulipoongoza watu wasio chini yako, ulipobadili mawazo. Kila kisa kiwe na hali ilivyokuwa, ulichotakiwa kufanya, ulichofanya wewe, na kilichotokea. Tuna malezi ya kutojikweza, na ni malezi mema, lakini kwenye usaili yanatufanya tufiche kazi yetu ndani ya "tulifanya". Linganisha majibu haya mawili ya mtu wa manunuzi kwenye kiwanda cha sangara.

La kwanza: "Tuliboresha mnyororo wa ugavi na kupunguza hasara kwa kiasi kikubwa."

La pili: "Boti ya kukusanya samaki kutoka visiwani ilikuwa inafika na samaki wa chini wamelegea, matamvua yamepauka, mkaguzi anawakataa. Meneja alitaka tuachane na wavuvi wale. Nilimwomba wiki mbili nipime joto la samaki katika kila tabaka. Nikakuta tatizo liko tabaka la chini tu, kwa sababu barafu ilikuwa inamwagwa juu. Nikabadilisha upakiaji, barafu ikaanza chini. Kreti zilizokataliwa zikashuka kutoka kumi katika mia hadi tatu, na wavuvi tukabaki nao."

La pili lina uamuzi ndani yake: kupima kabla ya kufukuza watu. Msaili atauliza, "Meneja alisemaje? Na kama vipimo vingeonyesha ni wavuvi?" Jiandae na maswali hayo kuliko unavyojiandaa na kisa chenyewe.

Simulia visa vyako kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua kazi yako. Shangazi akikuuliza "sasa hapo wewe ulifanya nini?", kisa hakijaiva. Kikiiva, kisimulie kwa Kiingereza bila kukariri maneno.

Uwe pia na mawazo yako kuhusu uchumi wa huku. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Nani amepata, nani amepoteza? Mwenye lori la Sengerema, mwenye mgahawa aliyetegemea foleni ya kivuko, mnunuzi wa pamba? Mtu anayeweza kuchambua hilo kwa dakika mbili anakumbukwa kuliko anayenukuu habari za makampuni ya California.

Na saa ya usaili: iandike kwa mfumo wa saa 24. 09:00 ya New York ni 17:00 kwetu wakati wa baridi yao, na 16:00 wakati wa kiangazi chao. Wao hubadilisha saa Machi na Novemba, sisi hatubadilishi.

MATATIZO YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Alama zimeganda wiki kadhaa. Acha maswali mapya kwa wiki nzima. Rudia yaliyo kwenye daftari la makosa bila kuangalia majibu. Ukiyakosa tena, tatizo ni kwamba uliyaandika bila kuyaelewa.

Mazoezi napata, mtihani kamili naanguka. Huenda unafanya mazoezi maswali kumi kumi ukiwa umelala kwenye kochi. Fanya sehemu nzima ya dakika 45, mezani, saa ile ile ambayo mtihani wako utakuwa.

Nyumbani hakuna utulivu. Maktaba ya mkoa ipo. Wengine huamka saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka, na kusoma kwa saa moja alfajiri kunashinda saa mbili za usiku.

Mtandao umekatika katikati ya mtihani. Jaribu kuingia tena mara moja kupitia ukurasa ulioanzia. Ikishindikana, wasiliana na huduma kwa wateja siku hiyo hiyo na utunze namba ya shauri lako.

GPA yangu ni 3.6 kati ya 5, niigeuze iwe kati ya 4? Usijigeuzie. Iandike kama ilivyo pamoja na kipimo chake, isipokuwa fomu ikuelekeze vinginevyo. Daraja la pili la juu ni ufaulu mzuri, na alama nzuri ya hesabu kwenye GMAT itaondoa shaka.

Wananitaka IELTS au TOEFL (mitihani ya kupima Kiingereza). Uliza kwanza kama wanasamehe waliosoma shahada kwa Kiingereza. Vyuo vingi husamehe, na barua kutoka kwa msajili wa chuo chako inaweza kukuokolea pesa hiyo.

Naogopa lafudhi yangu. Lafudhi haina shida. Kasi ndiyo yenye shida: ukiogopa unakimbia. Jirekodi kwa simu, ukisikia hujavuta pumzi kati ya sentensi, punguza.

Nimepata alama ndogo. Unaweza kurudia baada ya siku 16, na hadi mara tano ndani ya miezi 12. Kabla ya kulipa tena, andika kwenye daftari utakachobadilisha. Kama jibu lako ni "nitasoma zaidi" tu, subiri, pesa hiyo itakufaa baadaye.

Nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Jibu kwamba bado unataka nafasi, na uwatumie habari mpya ikiwa ipo kweli: cheo, mradi uliokamilika, alama mpya. Barua moja fupi inatosha, kisha endelea na maombi ya vyuo vingine.